Upasuaji wa Kukaza Tumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Kina Mama wa Mombasa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mombasa. Maswali haya naulizwa wodini, naulizwa arusini tukisubiri biriani, na mengine huja kwa ujumbe wa sauti saa 5 usiku watoto wakishalala. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale magumu. Ukishasoma, nenda na daftari lako kwa daktari, kwa sababu tumbo lako ni yeye atakayelishika na kulipima.

## Mambo ya mwanzo

Upasuaji wa kukaza tumbo ni nini hasa?

Ni operesheni ya kuondoa ngozi iliyolegea na mafuta yaliyo chini yake, sehemu ya chini ya tumbo, kisha kuivuta ngozi iliyobaki na kuishona. Mara nyingi daktari pia huirudisha pamoja misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba. Madaktari huuita abdominoplasti. Ni upasuaji mkubwa: unalazwa kwa nusukaputi, mkato unatoka nyonga hadi nyonga, na kupona kunakwenda kwa wiki na miezi.

Je, utanipunguzia uzito?

Hapana. Kinachoondolewa mara nyingi ni kilo chache tu. Anayekwenda akitarajia mizani ishuke atatoka na huzuni na kovu refu. Operesheni hii hubadilisha umbo la tumbo, na humfaa zaidi mtu ambaye uzito wake umeshatulia kwa miezi 6 au zaidi.

Nitajuaje kama tumbo langu ni ngozi, misuli au mafuta?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeanza nalo, kwa sababu hayo ni matumbo matatu tofauti na operesheni haiyatibu yote.

Funga mlango, vua dera, lala chali kitandani. Tumbo likitandazika, ngozi ikakunjamana kama leso iliyofuliwa bila kupigwa pasi, na ukiinama mbele ukaweza kulishika fungu zima mkononi, hapo una ngozi iliyozidi. Hili ndilo linalokatika.

Sasa kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa kana kwamba unataka kutazama vidole vya miguu. Ukihisi bonde katikati, pana kuliko vidole viwili, na pengine kitu kinachonyanyuka kama mgongo wa samaki, misuli yako imeachana. Wengi wenye hali hii si wanene hata kidogo. Nawajua kina mama wembamba wanaopishwa kiti kwenye matatu kwa kudhaniwa ni waja wazito, na mtoto wao wa mwisho yuko darasa la nne.

Tumbo la tatu ni lile linalobaki juu na gumu hata ukilala chali, ngozi yake imetanuka kama ya ngoma. Mafuta hayo yamo ndani, yamezunguka utumbo na ini. Hakuna kisu cha urembo kinachoyafikia. Hayo hupungua kwa chakula, mwendo na dawa za daktari, na ndiyo yanayoandamana na sukari na presha.

Kuna la nne, na hili usilichezee. Tumbo linalokua bila wewe kunenepa, lenye uzito chini ya kitovu, hedhi nzito au maumivu ya nyonga, linaweza kuwa uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, au uvimbe wa ovari. Fibroidi ni nyingi sana kwa wanawake wetu. Pigwa picha ya ultrasaundi kabla hujazungumza habari ya kukaza.

Kuna tofauti gani na kunyonya mafuta?

Kunyonya mafuta, au liposaksheni, hufanywa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye matundu madogo. Huondoa mafuta ya chini ya ngozi na kuiacha ngozi na misuli vilivyo. Ukiwa na ngozi iliyolegea, kunyonya mafuta peke yake kunaweza kuifanya ining'inie zaidi, kama mto uliotolewa sufi. Madaktari wengine huunganisha yote mawili. Uliza sababu, kwa maana kila kinachoongezwa hurefusha muda wa operesheni na huongeza hatari.

Mama alinifunga mkaja na nikakandwa siku arobaini. Kwa nini tumbo halikurudi?

Mamako hakukosea kitu. Mkaja humpa mzazi msaada mgongoni na tumboni wakati viungo bado vimelegea, na siku arobaini za kulelewa ni dawa kwa mwili na kwa moyo. Ila kitambaa hakiwezi kushona misuli iliyoachana wala kufuta ngozi iliyozidi. Kwa wengine misuli hujirudia yenyewe miezi ya mwanzo, kwa wengine haijirudii, na hapo hakuna aliyezembea.

Mazoezi husaidia, hasa yale anayofundisha mtaalamu wa fiziotherapia ya kuamsha misuli ya ndani ya tumbo na nyonga. Yajaribu kwa miezi kadhaa kabla ya kufikiria kisu. Huenda yakatosha. Yale ya kuinuka kwa nguvu kutoka chali, ambayo vijana hufanya ufukweni, yanaweza kuzidisha bonde kwa mwenye misuli iliyoachana.

Kuna aina ngapi?

Ndogo hugusa chini ya kitovu peke yake, kwa mkato mfupi. Kamili ndiyo ya kawaida, na ndiyo inayozungumziwa ukurasa huu. Ndefu hupita nyonga hadi ubavuni, au huzunguka kiuno chote, kwa waliopungua uzito mwingi (tazama swali la waliopungua sana, karibu na mwisho). Ipo pia ya kuondoa mkunjo unaoning'inia tu, bila kugusa misuli, hasa pale unapoleta maradhi ya ngozi. Kwa joto letu la pwani mkunjo huo huwa na jasho mchana kutwa, ukatoka vipele, fangasi na harufu. Kuna wanawake wanaotaka operesheni ili wakae mkutanoni bila kujikuna. Hiyo ni shida ya afya, na daktari aandike hivyo.

## Je, wakati wangu umefika?

Nimejifungua miezi 3 iliyopita. Naweza?

Bado. Subiri angalau miezi 6, na wengi wetu tungependa mwaka. Kama unanyonyesha, maliza kwanza, kisha uache miezi michache ipite. Mwili unaendelea kurudi wenyewe, na ukikata mapema utakata kilichokuwa kinarudi.

Nataka mtoto mwingine baadaye. Kuna ubaya?

Ubaya wa kiafya kwa kawaida hakuna. Wanawake hushika mimba na kujifungua salama baada ya operesheni hii. Lakini mimba itatanua tena ngozi na kuachanisha misuli iliyoshonwa. Kama mtoto huyo umemweka moyoni, mzae kwanza.

Nilizaa kwa operesheni mara mbili. Lile kovu ni kizuizi?

Kovu la kulala la chini huwa si kizuizi. Mara nyingi huondoka pamoja na ngozi inayokatwa. Makovu yanayohitaji hesabu ni lile la wima katikati ya tumbo, na lile la mshazari chini ya mbavu za kulia la waliotolewa nyongo. Mishipa ya damu inayolisha ngozi ilishakatwa pale, na ngozi isiyopata damu hufa. Mwonyeshe daktari kila kovu, hata la utotoni.

Nina ngiri ya kitovu. Nitengeneze kwanza?

Mara nyingi ngiri ndogo hurekebishwa siku ile ile, kwa sababu daktari yupo pale pale tayari. Kama kitovu chako hutokeza ukikohoa, sema mapema, ili ukuta wa tumbo upimwe na mshono wa kitovu upangwe. Ngiri inayouma ghafla, ngumu, isiyorudi ndani, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Nina sukari na presha. Nimekataliwa?

Si lazima. Sukari iliyodhibitiwa na presha iliyotulia zinaweza kumruhusu daktari. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda na huita usaha. Unene mkubwa nao huongeza hatari ya damu kuganda na kidonda kuachia, ndiyo maana daktari mwangalifu anaweza kukuambia upunguze kilo kadhaa kwanza. Ukiambiwa hivyo usihame kliniki ukatafute atakayekubali leo. Aliyekukatalia amekutazama vizuri.

Sigara, shisha na muguka?

Sigara na shisha ziachwe angalau wiki 4 hadi 6 kabla, na zisirudiwe hadi kidonda kifunge kabisa. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyovutwa chini ya kitovu huishi kwa mishipa hiyo. Nimefunga bandeji za mwanamke aliyeficha shisha ya wikendi. Ukingo wa ngozi uligeuka zambarau, kisha mweusi, na ilimchukua miezi kupona kilichopaswa kupona kwa wiki. Alilia zaidi kwa kuficha kuliko kwa maumivu, nami nikajilaumu kwa kutomuuliza mara ya pili.

Muguka na miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, na huvuruga kazi ya daktari wa usingizi. Mwambie ukweli, hatakusema kwa mtu. Mtajie pia vidonge vya kupanga uzazi, aspirini, dawa za maumivu unazonunua dukani, na mitishamba yote, ikiwemo habasoda na vidonge vya kitunguu saumu. Baadhi huongeza kuganda kwa damu, baadhi huongeza kuvuja.

Je, dini inaruhusu?

Mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba wanavyuoni hutenganisha kuondoa madhara au kurudisha kilichoharibika na kubadilisha umbo kwa pambo tu. Kwa hiyo mwendee sheikh unayemwamini na maelezo kamili: kama una ngiri, maumivu ya mgongo, vipele vya mkunjo, misuli iliyoachana. Swali la jumla hupata jibu la jumla. Kuhusu swala na saumu baada ya operesheni, tazama chini.

## Daktari na pesa

Nitamjuaje daktari wa kweli?

Anayefaa ni daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha na urembo, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Leseni huhuishwa kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye sajili ya baraza mtandaoni. Tazama pia kama hospitali yenyewe ina leseni. Mwaka 2024 mwanamke alifariki Nairobi siku chache baada ya operesheni ya urembo, na baraza likaifunga kliniki ile. Tangu hapo nimezidi kuwaambia dada zangu: picha za kabla na baada kwenye simu si leseni.

Uulize ana kwa ana, na uangalie kama anakujibu au anakuharakisha. Ameshafanya operesheni hii mara ngapi mwaka huu? Nani atanilaza, na ni daktari wa usingizi kamili? Kuna chumba cha wagonjwa mahututi hapa, na kama hakipo nitapelekwa wapi? Nikipata homa usiku wa Jumapili, nampigia nani? Swali hilo la mwisho ndilo linalowatoa jasho wasiojiandaa.

Gharama ni kiasi gani?

Bei hutofautiana mno kati ya hospitali na kati ya aina za operesheni. Dai hesabu iliyoandikwa: ada ya daktari, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, usiku wa wodini, vipimo, dawa, mkanda wa kubana, bandeji na miadi ya baadaye. Kisha uliza ni nani atakayelipa ukirudishwa chumba cha upasuaji kwa damu kuvuja. Kuna watu waliolipa kwa simu amana ya ofa ya mwisho wa mwezi, wakaja kujua wodini kuwa mkanda na dawa havimo. Anayekuharakisha na ofa hajakujali.

SHA, bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini italipa?

Operesheni ya urembo kwa kawaida hailipiwi na bima. Kilicho na nafasi ni sehemu ya tiba, kama ngiri au mkunjo wenye maradhi ya ngozi yasiyosikia dawa, na hapo unahitaji barua ya daktari na idhini kabla ya operesheni, si baada.

Niende Nairobi au India?

Wengi wetu huenda. Shida huanza wakati wa kurudi. Matatizo mengi hutokea wiki mbili za mwanzo, na safari ndefu ya kukaa, iwe basi la usiku, treni au ndege, huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Panga kubaki karibu na daktari wako kwa muda huo. Kabla hujaondoka Mombasa, pata daktari wa hapa aliyekubali kukuangalia ukirudi, na urudi na ripoti ya operesheni mkononi. Kidonda kilichofungwa na mtu mwingine bila karatasi ni kitendawili kwa anayekipokea.

## Siku yenyewe

Watanifanya nini chumbani?

Utachorwa ukiwa umesimama, kwa kalamu, kwa sababu ngozi hukaa tofauti ukilala. Vaa chupi unayoivaa kila siku, ili kovu lipangwe chini yake. Ukishalala kwa nusukaputi, daktari hukata chini, juu kidogo ya kinena, akainyanyua ngozi hadi karibu na mbavu. Kitovu hakiondolewi. Hubaki kwenye shina lake, na ngozi ikishavutwa chini hutobolewa tundu jipya ili kitokeze. Misuli hushonwa katikati, ngozi iliyozidi hukatwa, mirija ya kutolea maji huwekwa, kisha hufungwa. Huchukua kama saa 2 hadi 4.

Kuhusu kula kabla, fuata saa uliyopewa na daktari wa usingizi bila kupunguza hata dakika. Mahamri ya alfajiri yanaweza kuahirisha operesheni yako, na tumboni mwa aliyelala yanaweza kuingia mapafuni.

Nitalazwa siku ngapi?

Wengi hukaa usiku 1 hadi 3. Utatembezwa mapema, mara nyingi siku ile ile au kesho yake, umejikunja kama bibi. Usikatae. Kutembea huko ndiko kunakozuia damu kuganda.

## Nyumbani: hapa ndipo operesheni huamuliwa

Nani atanisaidia, na kwa muda gani?

Kabla hujapanga tarehe ya hospitali, panga wiki 6 za nyumbani. Hutanyanyua kitu kizito muda huo: si mtungi wa maji, si sufuria ya pilau, si mtoto wa miaka 2. Mtoto hataelewa. Mfundishe mapema kupanda kitandani aje ubavuni mwako, umkumbatie ukiwa umeketi.

Wiki 2 za mwanzo unahitaji mtu mzima ndani ya nyumba, si wa kupitia. Kama ni shangazi yako anayetoka Kwale, aje na begi. Kazi ya mezani wengi huirudia kati ya wiki 2 na 4, kazi ya kusimama na kubeba huchelewa zaidi. Kama unaishi Likoni na kazi iko mjini, fikiria feri: mteremko, msukumano, kusimama. Omba likizo ndefu kidogo. Tuktuk na bodaboda uziache, kila tuta utalihisi kwenye mshono.

Maumivu yakoje?

Siku 3 hadi 5 za mwanzo ni ngumu, hasa kama misuli imeshonwa. Kukohoa na kucheka huvuta. Kumbatia mto mdogo tumboni unapokohoa. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua choo na mshono mpya ni adha. Kunywa maji, kula papai na mboga, uliza dawa ya kulainisha.

Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, mto mwingine chini ya magoti. Hutanyooka kabisa kwa wiki 1 au 2. Usijilazimishe.

Mrija huu niushike vipi?

Mwisho wa mrija una kichupa laini cha kubonyea, cha ukubwa wa ndimu kubwa. Osha mikono kwa sabuni, fungua kifuniko, mimina kwenye kikombe cha kupimia, kamua hewa yote, funga kikiwa bado kimebonyea. Andika kwenye daftari: saa 1 asubuhi, mililita 40; saa 1 usiku, mililita 35. Mwanzo ni nyekundu, kisha huwa waridi, mwisho hufanana na chai nyepesi. Kwa kawaida hutolewa kiasi kikishuka chini ya mililita 30 kwa siku, mara nyingi ndani ya wiki 1 hadi 2. Nilipata kumwona kijana wa miaka 12 akimwandikia mamake daftari hilo kwa rula na kalamu mbili, damu kwa nyekundu, maji kwa buluu. Lilikuwa safi kuliko letu la wodini. Mrija ukijaa ghafla damu mbichi, tazama swali la dalili za hatari.

Mkanda wa kubana nivae kwa joto hili?

Utauvaa kwa muda atakaokupa daktari, mara nyingi kama wiki 6, mchana na usiku. Chini yake vaa fulana nyembamba ya pamba bila mishono minene, uwe na mikanda miwili ili mmoja ukauke. Usiubane hadi ukashindwa kuvuta pumzi. Nje, dera linasitiri kila kitu. Kama tarehe iko mikononi mwako, chagua Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na joto limepungua. Kaskazi ya Januari na Februari, ndani ya mkanda, ni mtihani.

Kuoga, bahari, kuendesha gari, tendo la ndoa?

Kuoga kwa maji ya kumwagia, pale daktari anapokuruhusu. Bahari na bwawa ni baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa wengi si kabla ya wiki 6. Gari ni pale unapoweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita na umeshaacha dawa za maumivu zinazoleta usingizi. Tendo la ndoa huahirishwa wiki 4 hadi 6, na mzee wa nyumba aambiwe kabla ya operesheni.

Nitaswali na kufunga vipi?

Mgonjwa huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Kusujudu kwa kuinama sana kuache hadi uruhusiwe. Kuhusu kupaka maji juu ya bandeji katika udhu, sheikh wako atakueleza. Operesheni usiipange karibu na Ramadhani: unahitaji maji mengi, chakula cha kujenga mwili na dawa kwa saa zake.

Nipake mafuta ya nazi, manjano, au nikandwe maji moto?

Kidonda kibichi kisipakwe kitu ambacho daktari hakukitaja. Na maji moto, tafadhali, nawaomba wakunga na mama zetu: msimkande. Ngozi ya tumbo baada ya operesheni hii huwa na ganzi kwa miezi, na mahali pengine ganzi hiyo haiondoki kabisa. Mwanamke hahisi moto, na chupa ya maji moto itamchoma hadi malengelenge huku akisema ni vuguvugu. Ganzi yenyewe ni ya kawaida.

Kovu litakuwaje?

Refu, na la kudumu. Litakuwa jeusi na gumu miezi ya mwanzo, kisha hulainika hadi mwaka au mwaka na nusu. Ngozi nyeusi hupata makovu ya kuvimba, yaani keloidi, zaidi kuliko nyeupe. Kama tundu la sikio lako lilitoa kinundu, mwambie daktari kabla, kwa sababu kuna karatasi za silikoni na sindano zinazoweza kuanzwa mapema. Michirizi ya chini ya kitovu huondoka na ngozi, ya juu hubaki.

## Hatari

Yanayoweza kwenda vibaya ni yapi?

Linalotokea mara nyingi ni maji kujikusanya chini ya ngozi, ambayo hutolewa kwa sindano. Kuna kuvuja damu, usaha, kidonda kuachia, ukingo wa ngozi kufa, na tumbo kutolingana pande mbili. La kuogopwa zaidi ni damu kuganda mguuni na bonge kupanda mapafuni. Ni nadra, lakini huua.

Dalili zipi zinanitaka nikimbie hospitali?

Kushindwa kupumua au kifua kuuma ghafla. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti. Damu mbichi kujaza mrija au tumbo kuvimba upande mmoja kwa saa chache. Homa, usaha, harufu. Ngozi kuwa zambarau au nyeusi. Maumivu makali ya tumbo zima pamoja na kutapika. Usingoje asubuhi, na usianze kwa kutuma picha kwenye kundi la akina dada.

## Maswali ya nadra

Nimepungua kilo nyingi sana. Mkato mmoja utatosha?

Huenda usitoshe. Ngozi hulegea pande zote, na daktari anaweza kupendekeza mkato wa kuzunguka kiuno, au wa wima kuongezea. Pimwa kwanza damu na lishe, maana walioshuka uzito kwa kasi wengi wana upungufu wa damu na protini, na kidonda hujengwa kwa hivyo.

Wanaume je?

Hufanyiwa, hasa waliopungua. Kitambi kigumu cha kawaida ni yale mafuta ya ndani yaliyoelezwa mwanzoni.

Mume hataki. Au: mume ndiye anayetaka.

Mtu mzima hutia sahihi mwenyewe. Mume anayekataa mara nyingi anaogopa, basi mpeleke kwa daktari aulize. Lakini aliyeletwa kwa kuchekwa na mumewe tumbo lililomzalia watoto, huyo mimi humwomba daktari azungumze naye peke yake, mlango umefungwa. Wapo walioondoka bila kupanga tarehe, na nilifurahi kuwaona wakiondoka.

Nikinenepa tena?

Ngozi na misuli vitatanuka tena, na mafuta yatatafuta pa kukaa.

Miezi 3 imepita na jioni tumbo bado hujaa. Imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Uvimbe huwa chini asubuhi na hupanda jioni, hasa ukisimama siku nzima au ukila chumvi nyingi, na unaweza kuendelea hadi miezi 6 au zaidi. Lala chali, bonyeza taratibu. Kama ni laini kote na linapungua ukiamka, endelea na miadi yako. Kama kuna sehemu moja inayocheza kama maji ndani ya mfuko ukiigonga kwa kidole, nenda ukaangaliwe wiki hii.